Nionyeshe Roho kwa Kidole

Naandika haya kwa ajili yako uliyeketi kwenye benchi la kliniki ya ini, ukijifanya unasoma bango la kunawa mikono, huku mtu wa kando akisogea kidogo baada ya kuona rangi ya macho yako. Nimeketi hapo. Macho yangu yalikuwa ya njano kiasi kwamba mtoto mmoja alimuuliza mama yake kama mimi ni paka. Mama yake alimfinya. Nilitaka kumwambia asimfinye, kwa sababu siku ile ndiye mtu pekee aliyeuliza swali nililolielewa.

Sitakueleza ini hufanya kazi gani. Madaktari watakuchorea. Nitakueleza yaliyonipata mimi, mwanamke wa makamo, mwandishi wa makala magazetini, ambaye kwa miaka mingi amewasahihisha watu wengine Kiswahili chao hata kwenye matanga.

Ilianza wakati wa mvua za masika. Nilikuwa nyumbani kwangu Riruta, hapa Nairobi, napiga mswaki, nikatapika damu. Ilikuwa nyingi, nyeusi, na wazo la kwanza lililonijia ni kwamba mwenye nyumba alikuwa amebadilisha vigae vya bafu juzi tu. Nilikuwa nimeanza kuvipangusa na taulo nilipoanguka.

Katika hospitali ya kwanza waliingiza kamera mdomoni, wakaikuta mishipa imevimba kwenye njia ya chakula, wakaifunga kwa vimpira vidogo kama vile vya kufungia nywele za watoto. Kamusi ina neno la njia hiyo: umio. Nimewahi kulitumia katika makala. Sijawahi kumsikia mtu mwenye maumivu akilitumia.

Kisha wakaniambia chanzo ni ini. Mwili wangu wenyewe ulikuwa ukilila polepole, pengine kwa miaka, nami nilikuwa nikidhani ni uchovu wa kazi. Halikuwa na dawa tena. Nilihitaji jingine, au kipande cha jingine. Jamaa zetu walipopata habari waliuliza, "Ini? Kwani alikuwa akinywa?" Shangazi mmoja, ambaye hajawahi kuniona na kitu kikali kuliko tangawizi, alinishauri nitubu. Nilitubu. Sikukosa mengine ya kutubia.

Mama alihamia kwangu wiki hiyo hiyo na sufuria zake. Yeye huishi katikati ya mji, ghorofani, juu ya duka la vitambaa aliloliacha baba, hatua chache kutoka msikitini. Amekaa Nairobi tangu kabla sijazaliwa, na bado huzungumza kama mtu aliyeshuka asubuhi hii kutoka Mombasa. Riruta aliichukia. Alisema baridi yake huingia mpaka kwenye chumvi. Lakini alikaa, akinipikia uji wa mchele, na kila nilipomeza alinitazama shingoni.

Wa kunipa kipande cha ini alikuwa mdogo wangu Twaha, anayeliendesha duka sasa. Alijitolea kabla sijamaliza kumweleza. "Dada, si wanasema huota tena?" aliniuliza. "Basi chukua. Hili langu limezoea viazi karai, utalifunza mboga." Vipimo vikakubali. Damu zetu zilipatana, jambo ambalo katika utoto wetu hakuna aliyelitarajia.

Mke wake, Saumu, hakukubali wala hakukataa. Alikuja Riruta jioni moja na bakuli la mchuzi, akaliweka mezani, akakaa na buibui lake bila kulivua.

"Dada Rukia, mimi sijamkataza," alisema. "Lakini nyinyi mutalala chini ya kisu siku moja, saa moja, wote wawili. Mukifa wote, watoto nitawaambia nini?"

Nilikuwa nimeandika makala kuhusu kifo, tena iliyosifiwa. Nilimwambia chai inapoa.

Baada ya hapo Saumu alikoma kunipigia simu. Salamu zake zilifika kupitia kwa Mama, na Mama hakuwa hodari wa kuzipamba. "Yuwakusalimu," angesema, na kugeukia sufuria.

Halafu ikaja baridi ya Juni na Julai, na pamoja nayo ukungu. Sisemi ule wa nje. Ini likichoka, sumu hupanda kichwani. Nililala mchana na kukesha usiku. Nikinyoosha mikono, viganja vilipigapiga hewa kama mtu anayeaga. Nilipeleka gazetini makala ambayo aya moja ilijirudia neno kwa neno, na mhariri akanipongeza kwa ujasiri wa mtindo. Tumbo lilijaa maji mpaka nikawa natembea kama mjamzito, mapaja yakaisha, na kwenye duka la dawa pale Kabiria kijana aliniita "mama" na kuniuliza kama ni mapacha. Nilisema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Ni kwa sababu ya ukungu huo kwamba katika kliniki ya hospitali kubwa, ile ambayo ingenipasua, Mama ndiye aliyekuwa akijibu maswali. Mimi nilikuwa kando yake, nimejifunga shali, natazama runinga isiyo na sauti. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na liliingia mbele ya macho yangu.

"Kuna shida ingine yoyote ako nayo, mama?" daktari kijana aliuliza, akiandika.

"Roho yamkaba," Mama akasema.

Kalamu ikasimama. "Inamkaba? Tangu lini?"

"Tangu zile damu. Na akila ndiyo yazidi."

"Akila. Na akipanda ngazi?"

"Ngazi hapandi. Ana nguvu za ngazi huyu?"

Daktari akaandika kwa muda mrefu, uso umebadilika.

Wewe msomaji wa Nairobi ushajua alichoandika. Huku kwetu mtu akisema roho inamuuma, ni moyo, ule unaodunda. Watu hufa kwa ugonjwa wa roho, na madaktari wa roho wana foleni ndefu. Lakini Mama ni wa Mombasa. Kwa Mama, roho inayokaba ni koo. Ukimla samaki vibaya, mwiba hukwama rohoni. Alikuwa akisema jambo la kawaida kabisa: kwamba tangu ile mishipa ifungwe, chakula hakinipiti. Na mimi, bingwa wa lugha, nililisikia neno, nikalielewa kwa maana ya nyumbani, na nikaendelea kutazama runinga.

Wakaanza kuusaka moyo. Nilipigwa picha za moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile wanayotumia kuangalia mimba, kifua kimepakwa mafuta baridi. Nilitiwa dawa ya kuukimbiza moyo huku nimelala, wakauangalia ukikimbia. Kila kipimo kilikuwa na chumba chake cha kusubiri, na kila chumba kilikuwa na yule mzee mmoja anayekohoa na yule mwanamke mmoja anayejua kila kitu. Picha zilitoka safi. Moyo wako ni mzuri, walisema, kwa sauti ya watu wasioridhika.

Kwa sababu kila tuliporudi kliniki waliuliza, "Na roho, bado inamkaba?"

"Yazidi," Mama alijibu. "Sasa hata uji wapita kwa tabu."

Hebu fikiria wanavyotuona. Moyo safi kwenye picha, na mama mzima mwenye akili timamu anaapa kwamba unazidi kuharibika. Upasuaji ulisogezwa, ukasogezwa tena. Nilizidi kuwa njano. Twaha alinyoa ndevu, akaacha soda, akakaa tayari kama mtu aliyevaa koti na kuambiwa gari limechelewa. Saumu hakusema neno, na ukimya wake ulinifikia Riruta kutoka mjini bila kupoteza nguvu.

Mwishowe walisema ini halingojei tena. Wangenipasua, lakini kwa kuwa "roho ina historia", wangeutazama moyo wakati wote wa upasuaji kwa njia ya ndani. Sikuuliza ndani wapi.

Nililazwa jakaranda zikimwaga maua huko Muthangari. Kutoka dirisha la wodi niliona paa zima la gari limegeuka zambarau. Twaha alilazwa chumba cha pili. Kesho asubuhi wangeanza na sisi wote, yeye chumba kimoja cha upasuaji, mimi cha kando.

Mchana ule akaja daktari wa usingizi. Nitamwita Njeri. Mwanamke mfupi, viatu vya mpira, mwenye tabia ya kukaa kabla ya kuzungumza, na ukipata daktari wa namna hiyo mshike. Alivuta kiti.

"Rukia, kesho kazi yangu si kukulaza tu," alisema. "Kulala ni rahisi. Kuna wakati watafunga ule mshipa mkubwa na damu itapungua kwa moyo ghafla. Halafu ini mpya ikifunguliwa, damu baridi itarudi yote mara moja. Hapo moyo unaweza kushtuka. Inaweza hata kusimama. Kwa hivyo nitakuwa naiangalia, dakika kwa dakika, kwa altrasaundi."

"Ya kifuani?" niliuliza. Ukungu ulikuwa mwepesi siku hiyo.

"Hapana, kifua itakuwa imefunikwa. Ni kifaa kama bomba, kinaingia kwa mdomo, kinashuka mpaka nyuma ya moyo. Hapo moyo unaonekana vizuri sana, ni kama jirani anakuangalia kwa ukuta. Hutasikia kitu. Ile mishipa yako ya zamani tumesoma, ilifungwa ikatulia."

Mama alikuwa akimenya chungwa kwenye kiti cha dirishani. Kisu kilisimama.

"Hebu ngoja, mwanangu. Hicho chapita wapi?"

"Kwa koo, mama. Kwa mdomo, halafu koo, kinashuka."

"Na roho yake ilivyobana hivi, kitapita vipi?"

"Roho tumepima, mama. Iko sawa kabisa."

"Mumeipima lini?" Mama akaweka chungwa chini. "Hakuna hapa aliyemwangalia roho. Mumemwangalia moyo. Leo moyo, kesho moyo, mpaka nikasema hawa wana mapenzi na moyo wa mwanangu."

Njeri hakucheka. Alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi, na niliona jambo likimshukia usoni taratibu.

"Mama," alisema, "nionyeshe roho. Kwa kidole."

Mama akasimama, akaja kitandani, akaweka kidole kwenye shimo la shingo yangu. Kilinuka chungwa. Akakishusha polepole hadi katikati ya kifua, akakiacha hapo.

"Hapa," alisema. "Chakula chasimama hapa. Jana mkate ulikaa mpaka akautema. Mimi nawaambia tangu baridi."

Njeri aliuliza kwa sauti ya chini, "Rukia, ni ukweli?"

"Ni kweli."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani mmeandika."

"Tuliandika," alisema. "Tuliandika moyo."

Alikaa akitazama mikono yake. Halafu akasema jambo ambalo sitalisahau, na ambalo hakulazimika kulisema. "Kesho ningeingiza ile bomba kubwa. Ingekataa kidogo. Ningedhani ni kawaida, ningesukuma."

Hakuna aliyeuliza ingekuwaje. Njia ya chakula iliyobana, ini lisiloweza kugandisha damu, na Twaha chumba cha kando, tumbo wazi, kipande chake kikingojea mtu.

Walinipeleka kwenye kamera saa hiyo hiyo. Vile vimpira vilikuwa vimeacha kovu, na kovu lilikuwa limeivuta njia ikawa nyembamba kama shingo ya chupa. Walirudi watu wengi, wakasimama kuzunguka kitanda wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja alikuwa sahihi, ndiyo maana nilizidi kuogopa. Kuahirisha, kuipanua njia polepole, kujaribu tena baadaye: lakini damu yangu ya asubuhi ilikuwa imesema baadaye ni mbali mno. Kwenda bila kifaa: Njeri angebaki kubahatisha moyo wangu kwa kusoma namba. Kilichobaki kilikuwa kifaa chembamba, kile cha watoto.

"Nitajaribu kwa upole," Njeri alisema. "Ikikataa, nitaacha. Sitasukuma."

Twaha alikuwa ameingia, amevaa gauni la hospitali linaloachia mgongo. "Na mimi wataanza kunikata saa ngapi?" aliuliza. "Kabla ama baada?"

"Huwa tunaanza pamoja, kuokoa wakati."

"Hamutaanza pamoja," Mama akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake na kushika lile chungwa lililomenywa nusu.

"Huyu ni wangu na yule ni wangu. Hicho kitu kipite kwanza. Mukione kimefika, mumuone moyo, hamuna damu, ndipo mumguse Twaha. Kisipopita, huyu mumrudishe kwangu mzima." Alimwonyesha Twaha kwa kisu bila kukusudia. "Mmoja nishamtoa. Wawili sitoi."

Mmoja nishamtoa. Nilikuwa nimelala pale pale.

Sikumlaumu. Nakuambia hili kwa sababu huenda siku moja utalala kitandani na kumsikia mtu akupendaye akikuhesabu miongoni mwa waliokwenda, na utadhani hakupendi. Mama akaendelea kumenya, na ganda lililobaki likatoka kipande kimoja bila kukatika, na hakukumbuka kula.

Njeri alikubali. Daktari mkuu wa upasuaji alisema itachelewesha kazi. Njeri akamwambia basi itachelewa.

Asubuhi nilimwona Twaha kwenye ujia, kitanda chake na changu vikapishana. "Dada," alisema, "ukiamka unatamani viazi karai, usishangae." Saumu alikuwa ameushika mkono wake, na alipofika usawa wangu aliugusa mguu wangu juu ya shuka, mara moja, upesi, kama mtu anayepima moto wa pasi. Dari ya chumba cha upasuaji ilikuwa na taa kubwa kupita kiasi. Nusukaputi ni neno nililowahi kulitetea gazetini kwa shauku. Nilianza kumwambia Njeri hivyo, na sikufika mwisho wa sentensi.

Yaliyofuata ni ya kusimuliwa. Njeri alikishusha kifaa cha watoto kidogo kidogo. Kilikwama pale pale kwenye kidole cha Mama. Akasimama, akakirudisha, akakigeuza, akangoja, na mara ya pili kikateleza. Moyo wangu ukatokea kwenye skrini. Hakukuwa na damu. Ndipo alipompigia simu daktari wa chumba cha kando na kusema: mnaweza kumgusa.

Masaa mengi baadaye waliliunganisha ini na kulifungulia damu. Njeri aliniambia kwamba namba zote zilianguka pamoja. Kwa namba peke yake, alisema, angedhani damu imepungua mwilini, angeongeza maji. Lakini kwenye picha aliona upande wa kulia wa moyo umevimba, umejaa, unatetemeka bila kusukuma. Maji yangeuzamisha. Akatoa dawa badala ya maji, akawaambia wapasuaji waache mikono yao ilipo, wasiguse kitu. Chumba kizima kikangojea kitu kidogo cha kijivu kwenye skrini kiamue. "Nilikuwa naongea nayo," aliniambia, akiona haya kidogo. "Nikiiambia haya, twende." Kikaamua.

Kule nje Mama na Saumu walikuwa wameketi benchi moja tangu asubuhi bila kuzungumza. Mchana kiyoyozi kilizidi ubaridi. Saumu akavua leso yake, akaitandaza magotini mwao wote wawili. Mama ndiye aliyenisimulia hili, na ndiyo sehemu pekee ya siku ile anayoisimulia.

Niliamka na mabomba kila mahali, nikiona herufi zikitambaa darini, nikajaribu kuzisahihisha. Siku nilipokunywa maji kwa mara ya kwanza, Mama alinitazama shingoni. Kisha akaniletea kioo cha mkoba wake. Weupe wa macho yangu ulikuwa umerudi. Nililia kwa sababu ya rangi nyeupe, jambo ambalo sikulipanga. Twaha chumba cha pili alikuwa na hali mbaya kuliko mimi, maumivu, homa, na kila nilipopata nafuu niliona aibu, kana kwamba nimemnyang'anya. Mvua za vuli zikaja zikaisha. Waliipanua njia yangu ya chakula mara kadhaa, polepole. Natumia dawa kwa kengele ya simu, na nitazitumia maisha. Mafua ya mtu mwingine yananitisha kama mbwa mkali.

Wiki iliyopita tulikuwa kliniki. Twaha alikuwa na maumivu upande wa kulia, ya siku kadhaa, akayaficha, Saumu akaitoboa siri. Wakamwingiza chumba cha skeni na mlango ukafungwa. Njeri akapita na viatu vyake vya mpira, akatuona kwenye benchi, akakaa. Siku hizi, aliniambia, yeye hamuulizi mgonjwa yeyote habari za roho bila kumwomba aonyeshe.

"Rukia, roho?" aliuliza.

Nikaweka kidole shingoni, nikakishusha. "Inapita. Na ile yenu inadunda."

Akamgeukia Mama. "Na wewe, mama? Roho iko aje?"

Mama aliinua kidole. Hakukiweka shingoni wala kifuani. Alikinyoosha kuelekea ule mlango, akakiacha hapo hewani.

Mlango ulipofunguliwa Twaha alitoka akijifunga mshipi, uso umemwiva. "Ni gesi," alisema. "Wamesema ni maharagwe."

Saumu alianza kumsema. Mama alingoja mpaka Twaha ameketi, bega lake limegusana na langu, ndipo akakishusha kidole.